Walivyonipeleka Malawi Niwe Mfano wa Umaskini

Ulikuwa mwaka ule tuliokula wali wa mchele wa ng'ambo, ule mweupe kama chaki, unaoiva bila harufu na ukilala mpaka asubuhi unakuwa changarawe. Maduka ya Morogoro yalijaa ghafla. Siagi ya kopo, biskuti za mfuko wa kung'aa, mafuta ya kupikia yenye picha ya mwanamke anacheka. Wakati huohuo wanaume wa viwandani walikuwa wanarudishwa nyumbani makundi kwa makundi, wamepunguzwa, wanaula huo wali huku wanaangalia ukuta. Ndizi zetu za Matombo zililala sokoni mpaka zikapiga weusi, maana watu wa mjini walikuwa bado wanashangaa makopo.

Mwaka huo ndio niliokwenda Malawi.

Nyie wanawake wenzangu wa kigango mmeniuliza mpaka nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Wengine mmeambiwa nilifukuzwa. Wengine mmeambiwa nilikunywa pombe nikatukana wageni ukumbini. Sikunywa. Kama nilitukana, nitaeleza, mtaamua wenyewe. La kweli ni kwamba mjukuu wangu Yustina alikuwa na kazi nzuri, kazi hiyo haipo tena, na watu wanasema niliyeipoteza ni mimi. Sikatai. Yeye sasa hivi yuko nyuma ya nyumba, mikono ina malengelenge ya jembe, na tunayosemeshana ni ya chumvi na maji tu. Naandika kwa mkono wangu, kwa herufi nilizojifunza ukubwani kwenye kisomo, ili asiwepo wa kuniandikia. Kuandikiwa nimeshaona matokeo yake.

Kurudi sisimulii. Kurudi ni njia ileile kinyumenyume, na hasira juu.

Matombo hadi mjini

Kwa walio mbali, mjue kwanza Yustina ni nani. Nilizaa wanaume wanne na mwanamke mmoja, Adela. Adela alifariki akaniachia mtoto mmoja, ndiye Yustina. Na kwetu Uluguru ukoo unafuata ziwa la mama, haufuati ndevu. Watoto wa wanangu wa kiume ni wa koo za mama zao. Shamba la mteremkoni nililopewa na mama yangu, naye alilopewa na mama yake, lina mtu mmoja tu wa kulipokea baada yangu, naye ni huyo Yustina anayepiga mashine kwa vidole kumi bila kuangalia.

Alikuwa mpiga chapa katika shirika moja pale mjini. Shirika likafungwa. Akaja kukaa kwangu, miezi, hapiki, hacheki, anasuka nywele na kuzifumua. Halafu akampata Lazaro.

Lazaro ni kijana wa Dar aliyekaa Ulaya kidogo, akarudi na mkoba wa ngozi na jambo linaloitwa mafunzo ya kujitambua. Waliopunguzwa kazini walijaa kumsikiliza. Aliwafundisha kuandika malengo yao kwenye karatasi, kusimama wima, kumtazama mtu machoni, na kuukataza mdomo kusema haiwezekani. Sisemi yote yalikuwa mabaya. Alimwajiri Yustina awe katibu wake, Yustina akaanza kucheka tena, na kwa hilo nilimchinjia Lazaro jogoo.

Siku hiyo ya jogoo alikuja na kamera. Alinikuta natoka shambani, kanga imefungwa kiunoni, miguu ina udongo, kichwani nina mkungu wa ndizi ambao mwanamume mzima angeomba asaidiwe. Akainua kamera. Nikasimama vizuri, nikanyoosha shingo, maana mkungu kama ule mlima hautoi kila mwaka. Wiki iliyofuata, mjini, akaninunulia gauni la maua na viatu vya kisigino, akanipiga nyingine. Viatu vilinibana, nikakunja uso. Akaniambia nicheke. Nikacheka.

"Bibi," akasema, "mafunzo yetu tunayapeleka nchi mpya. Malawi wamefungua milango kama sisi. Wanahitaji kumsikia mtu kama wewe. Ukifanya vizuri, Yustina namwacha kule awe mkuu wa ofisi."

"Nikaseme nini?"

"Maisha yako tu, Bibi."

Basi mimi nikaelewa nimeitwa kufundisha. Mnacheka, lakini niambieni kosa liko wapi. Kuna mwanamke gani Matombo asiyejua nilivyobeba tenga la mananasi kutoka huku mpaka soko la mjini kwa miguu, nikasomesha watoto watano? Wiki mbili nilikuwa nafanya mazoezi ya hotuba mbele ya mbuzi. Nikafunga gunia dogo la mdalasini, pilipili manga na karafuu, kwa sababu mimi siingii nyumba ya mtu mikono mitupu, sembuse nchi ya mtu.

Tulishuka kwa lori la ndizi. Lilikwama kwenye tope kabla ya Kiroka, tukashuka tukasukuma, na gauni la maua likapata rangi ya udongo. Yustina akalia kwa ajili ya gauni. Mimi nililifua mtoni nikalivaa mbichi.

Morogoro hadi Kitonga

Basi la kwenda Mbeya lilichelewa kuondoka mpaka jua likaanza kuchoma. Lazaro alisema kuchelewa hakupo, kuna kujiandaa. Nikamwachia.

Tulipoingia mbuga ya Mikumi akasimama katikati ya viti, suti imenyooka, akawaomba abiria waseme naye, kwa sauti moja, "Ninaweza."

Mzee mmoja wa kiti cha mbele akageuka. "Unaweza nini, baba?"

"Chochote, mzee wangu."

"Basi weza kukaa. Unatuzibia tembo."

Basi zima likacheka, na Yustina peke yake akasema "Ninaweza," polepole, akiangalia magoti yake. Hapo ndipo nilipoanza kuudhika, lakini niliudhika na mzee, sio na Lazaro. Mtoto wako akichekwa huulizi sababu.

Kwenye Ruaha Mbuyuni tulinunua vitunguu na mahindi ya kuchoma. Tukafika chini ya mlima Kitonga, basi likatoa mvuke mbele kama sufuria ya maharage, likasimama. Dereva akaingia chini, miguu ikabaki nje.

"Kuna shida gani?" akauliza mama mmoja.

"Tusiseme shida," Lazaro akamwambia. "Tuseme nafasi. Nafasi ya kujifunza."

Sauti ya dereva ikatoka chini ya gari. "Njoo basi ujifunze, ndugu. Nishikie hii pampu."

Hakwenda. Suti ilikuwa ya rangi ya maziwa.

Tulikaa pale kuanzia mchana mpaka mbuzi wa watu wakaanza kurudi nyumbani. Kusubiri sio tatizo kwangu, mimi nimesubiri mvua miaka. Kilichonichoma ni yule mama aliyeuliza. Alikuwa na mtoto mgongoni, mtoto anachemka. Akasema mtoto ana homa, anampeleka kwa dada yake muuguzi Iringa. Lazaro akamwinamia, kwa upole kabisa, akamwambia asilitaje neno homa, aseme mtoto anapona, kwa sababu kinywa ndicho kinachoita mambo. Yule mama akanyamaza kweli. Akaona haya, kama vile homa ameiita yeye.

Nikamvua mtoto nguo, nikachovya kanga yangu kwenye maji ya mfereji, nikamfunika. "Ana homa," nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa dereva. "Ana homa kali. Nani ana dawa?" Kondakta akatoa vidonge mfukoni. Nisingeitaja homa, kondakta angejuaje kuvitoa?

Lazaro alinitazama kwa huruma. Huruma ile sijaisahau. Ni kama mtu anavyomtazama ng'ombe aliyekanyaga mche.

Iringa hadi Makambako

Baada ya Iringa, usiku, taa za basi zimewashwa, barabara ilitikisa, na sanduku la Lazaro lililokuwa juu yetu likafunguka. Karatasi zikamwagika. Moja ikaniangukia mapajani, na kwenye karatasi hiyo niko mimi.

Niko mara mbili. Upande wa kushoto niko na mkungu wangu kichwani. Kulia nimevaa gauni la maua, nacheka meno yote. Maneno yalikuwa ya Kiingereza. Nilifurahi, nikuambieni ukweli. Nikamgeukia jirani yangu, mwalimu wa sekondari aliyekuwa anarudi kwao Tukuyu, nikamwambia, "Baba, nisomee, huyu ni mimi."

Akasoma kimya kwanza. Kisha akakunja karatasi. "Bibi, mjukuu wako si yuko hapo nyuma? Atakusomea."

"Nimekuomba wewe."

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, soma."

Akasoma akiwa anaangalia dirishani kila baada ya neno. Chini ya picha ya kushoto waliandika: Kabla. Mwanamke huyu alizaliwa hana kitu. Mama yake hakumwachia kitu. Alibeba mizigo kama punda, bila ndoto na bila lengo. Chini ya kulia: Baada. Mafunzo yamempa uhai.

Nilimwambia arudie. Akarudia.

Picha ile ya mkungu ndiyo picha ya utajiri wangu. Mkungu ule umetoka kwenye migomba iliyopandwa na mama yangu, na mimi nilinyoosha shingo ili uonekane. Wakautazama, wakaona punda. Na ile ya viatu vinavyobana, siku niliyokunja uso kwa maumivu mpaka nikaamrishwa nicheke, ndiyo waliyoiita uhai.

Nilikaa na karatasi ile mpaka Makambako. Basi liliposimama watu wakashuka kula, nikamvuta Yustina nyuma ya vibanda vya nyama.

"Uliandika wewe?"

"Nilichapa tu, Bibi. Maneno ni ya Lazaro."

"Na vidole ni vya nani?"

Akavitazama vidole vyake.

"Mmeandika mama yangu hakuniachia kitu."

"Bibi, usikasirike. Ni hatua ya kwanza ya mafunzo. Kila mtu anasimama anasema, nilizaliwa sina kitu, mama yangu hakuniachia kitu. Ni kutua mizigo ya zamani ili uanze upya. Wote wanasema. Hata mimi nilisema."

"Ulisema wapi?"

"Mjini. Ukumbini."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu wote, Bibi. Na sikufa."

Nyie mnajua, lakini niandike kwa asiyejua. Kwetu maneno hayo hayachezewi. Aliyegombana na ukoo mpaka hataki tena kurudi, huyo ndiye husimama mbele ya mashahidi akasema mama yangu hakuniachia kitu. Akishasema, wajomba wanamchukulia kama alivyosema. Hana kitu, basi. Shamba linakwenda kwa wengine, na siku ya tambiko haitwi. Mtoto wa mama yangu mkubwa aliyasema hayo kwa hasira za pombe, kijana mwenye nguvu, na alikufa mzee akiomba mahali pa kuzikwa.

Yustina alikwisha kuyasema. Labda ukumbi ule haukuwa na mjomba, labda alikuwepo, sijui. Nilichojua pale nyuma ya vibanda ni hiki: nikiyasema na mimi, hatabaki mtu duniani wa kusema kwamba shamba lile ni letu.

"Usiniharibie, Bibi," akasema Yustina. Machozi yalikuwa yanamtoka na hayafuti. "Ukisema vile, napata ofisi. Usiposema nitarudi Matombo, nikafanye nini?"

"Utalima."

"Sijui kulima, Bibi. Hukunifundisha. Ulisema nisome nitoke."

"Hilo kosa ni langu. Mama yangu hahusiki."

Lazaro akaja anafuta mikono kwa leso. Nikamweleza yote, mambo ya ukoo, mambo ya kusema mbele ya mashahidi. Alisikiliza vizuri, nimpe haki yake, kusikiliza alijifunza. Kisha akasema, "Lakini Bibi, Malawi nani anajua mambo ya Matombo?"

"Mimi."

Akafikiri. "Sawa. Basi utasema upendavyo. Maisha yako, maneno yako. Yustina atatafsiri."

Nikaridhika. Nikala na nyama. Ujinga wa mtu mzima ndio huo, nilifikiri neno likishatoka mdomoni mwangu limefika.

Mpakani

Daraja la mpakani unalivuka kwa hatua chache, lakini sisi tulikaa hapo tangu asubuhi.

Upande wetu, kijana wa dirishani hakuinua uso. "Unakwenda wapi?" Nikanyamaza. "Mama, unakwenda wapi?" Nikanyamaza. Mstari nyuma yangu ukaanza kuguna.

"Bibi, mjibu," Yustina akaninong'oneza.

"Hajaniamkia."

"Bibi, hapa ni kazini," yule kijana akasema.

"Kazini hakuna wakubwa?"

Mtu nyuma akacheka. Kijana akaweka kalamu chini. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nakwenda Malawi kufundisha. Sasa uliza lingine."

Upande wa pili nikaaibika mwenyewe, lazima niseme. Ofisa wao, mtu mzima mwenye nyota begani, aliponiona alichuchumaa kidogo, akapiga makofi mepesi, mara mbili, mara tatu. Mimi nikadhani ananidhihaki. Nikamwambia Yustina, "Mwambie sikuja kucheza ngoma, asinipigie makofi." Yustina akasita. Mama mmoja wa Kyela aliyekuwa na magunia ya mchele akanishika mkono. "Mama, huyo ndio anakuamkia. Wanaheshimu hivyo." Mtu wa kwetu nilimlazimisha aniheshimu, na mgeni aliponiheshimu bila kuombwa nikataka kumtukana. Nilichuchumaa na mimi, magoti yakalia, nikapiga makofi. Akacheka, akasema "yewo," yaani asante ya kwao, akatupitisha.

Kabla ya kupanda gari Lazaro alilitazama gunia langu. "Hili tungeliacha hapa kwa mtu, Bibi. Wenyeji wakiona mtu aliyezaliwa hana kitu anakuja na gunia la viungo, hawataelewa."

"Ulisema nitasema nipendavyo."

"Ndiyo. Ila gunia."

Nililipakata gunia hilo mpaka Mzuzu. Njia inapanda milima, chini upande mmoja unaona ziwa kama anga iliyoanguka. Milima yao ni mizuri. Haijalimwa vizuri kama yetu.

Mzuzu

Mzuzu kuna baridi na miti ya misonobari, na chakula chao ni ugali wa muhogo, mweupe wa kijivu, mzito, unaovutika. Ukiumega unarudi. Wakaupakua na dagaa wa ziwani wenye chumvi. Nilikula sana. Lazaro alikula mkate na soda, akasema tumbo lake limezoea vingine. Mwanamke aliyetupikia alinichukua nyuma ya nyumba akanusa mdalasini niliompa, tukaelewana bila lugha.

Ukumbi ulikuwa wa shule. Mlangoni kulikuwa na mama mnene anauza maandazi na mchele, na niliposema habari kwa mazoea akaitika. Alikuwa Mngonde wa Karonga, kule mpakani, amezoea kuvuka kwenda soko la Kyela. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kifupi, kinachofika. "Wewe ndio yule wa kwenye karatasi?" akaniuliza.

"Karatasi imesema uongo."

"Ehe. Mimi naingia nisikie basi."

Nikaingia, na nilikuwa kwenye kila kiti. Karatasi moja kila kiti, kabla na baada. Watu walikuwa wanaingia, wengine wananiokota wananitazama, wengine wananikalia.

Walikuwa watu kama wa kwetu. Walimu, makarani waliopunguzwa, wanaume wenye makoti yaliyopauka mabegani lakini yamepigwa pasi, wanawake wa soko. Nchi yao ilikuwa imebadilika juzi, na walikuwa na ule uso wa mtu aliyeambiwa mlango uko wazi na haoni mlango. Sikuwacheka. Lazaro aliongea Kiingereza, na mwenyeji mmoja akageuza kwa lugha yao. Alikuwa mzuri, sitamnyang'anya hilo. Aliwafanya wacheke, akawafanya wanyamaze. Kisha akawaita mmoja mmoja waseme maneno ya hatua ya kwanza. Mzee mmoja mwenye mvi, alikuwa mwalimu mkuu, alisimama akasema alizaliwa hana kitu, mama yake hakumwachia kitu, akakaa. Mkewe alikuwa pembeni yake. Nilimwona anavyoangalia sakafu. Basi nikajua sio Waluguru peke yao wenye mama.

Ndipo Lazaro akasema jina langu, wakapiga makofi.

Nilipanda jukwaani na gauni la maua, miguu mitupu, viatu nilikwisha kuviacha chini ya kiti. Yustina alisimama kando yangu ameshika kipaza sauti. Hotuba ya mbuzi sikuikumbuka tena. Lazaro akasema kwa Kiswahili, anatabasamu, "Bibi, waambie. Ulizaliwaje?"

Nikasema: "Hilo sisemi. Mama yangu aliniachia shamba na ulimi. Shamba liko Matombo, ulimi ndio huu."

Nikamwachia Yustina nafasi. Yustina akavuta pumzi, akatafsiri. Ilikuwa ndefu. Mimi sijui Kiingereza, lakini najua urefu wa maneno yangu, na najua jina la Matombo likitajwa, na halikutajwa. Mwenyeji akageuza naye. Wanawake wakapiga vigelegele. Watu wakasimama, wakapiga makofi, yule mwalimu mkuu akafuta macho.

Mtu aliyekataa hapigiwi vigelegele.

Nikamtazama Yustina. Alikuwa anatazama mbele, wima, kama alivyofundishwa.

Mama muuza mchele akasimama nyuma, mkono kiunoni. "Mama," akaniita kwa Kiswahili, juu ya makofi yote, "huyu mtoto hakusema ulichosema wewe."

"Amesemaje?"

"Amesema ulizaliwa huna kitu. Mama yako hakukupa kitu. Umekuja kuwashukuru hawa."

Makofi yakapungua kama mvua inayohamia kilima kingine. Mwenyeji akamwuliza Lazaro kuna nini. Lazaro akamwambia jambo kwa kucheka, nadhani alisema bibi amechoka na safari, kisha akanijia karibu, sikioni.

"Bibi, wamekwisha kupokea. Usivunje. Teremka tu, wala huhitaji kusema kitu kingine. Yustina anapata ofisi yake leo hii."

"Yustina," nikasema. Siku zote namwita mke mwenzangu, kwa utani wetu wa bibi na mjukuu. Siku hiyo nilimwita kwa jina. "Waambie nilichosema."

"Bibi, ni maneno tu."

"Kama ni maneno tu, mbona umeyabadilisha?"

Akakishusha kipaza sauti. "Kwa ajili ya kazi, Bibi. Nimekaa kwako miezi natazama ule mteremko. Unajua nilikuwa nawaza nini nikiutazama? Sikuwa nawaza ndizi, nilikuwa nawaza kujirusha."

Hilo sikulijua. Liliniingia, na mpaka leo liko ndani. Kwa muda mfupi nilifikiri kuteremka. Niliwaza nimwachie ofisi yake, nikapande gari, nikafe mapema, wajomba wagawane. Nikatazama ukumbi, na kila aliyesimama alikuwa ameniacha kwenye kiti chake, na mkungu wangu kichwani, umekunjika.

"Mtoto wangu," nikamwambia, "mimi nikiteremka sasa, utakuwa mkuu wa ofisi usiyekuwa na kwenu. Siku wakiifunga, kama walivyofunga ile ya kwanza, utarudi wapi? Umeshasema huna kitu. Niache mimi nibaki nasema unacho."

Lazaro akanyoosha mkono achukue kipaza sauti. Alikuwa haombi tena, alikuwa anaamuru, kwa macho. "Yustina, nipe."

Yustina alikishika kwa mikono miwili. Alimtazama Lazaro, akanitazama mimi, akatazama miguu yangu mitupu. Kisha akanipa mimi. Akashuka jukwaani akaenda kukaa karibu na mlango, peke yake, uso ameuficha kwenye kanga yangu aliyojitanda kwa baridi.

Mama wa Karonga alikuwa amekwisha kufika mbele, anahema, unga wa maandazi mikononi. "Sema polepole," akaniambia, "nitawapa kipande kwa kipande."

Nikakileta kipaza sauti mdomoni na nikarudia, neno kwa neno, kama nilivyosema mwanzo:

"Hilo sisemi. Mama yangu aliniachia shamba na ulimi. Shamba liko Matombo, ulimi ndio huu."